Waigizaji Wasio na Vitambulisho

"Ombi la Kibali cha Kuonyesha Picha Zinazotembea." Ndivyo fomu ilivyosema katika ofisi moja ya Bungoma, nilikopanga foleni. Mbele yangu, mwalimu mmoja kutoka Myanga alitaka wanafunzi aliokuja nao waone katuni ya Kijapani, iliyoletwa mjini na tamasha la kimataifa la filamu.

"Vitambulisho vya waigizaji viko wapi?" afisa akauliza.

"Si ni michoro tu, mkubwa?"

"Ati michoro haina kwao? Nitaikagua yote."

Akatia diski ya filamu kwenye deki, akawasha runinga, akavua viatu, maana ukaguzi ni kazi nzito. Mwalimu akatoka, akawapanga watoto dirishani, wafupi mbele.

Afisa alicheka, akapangusa machozi, akagonga muhuri.

Ombi lilikataliwa kwa kukosa vitambulisho. Watoto walirudi Myanga wameshaiona filamu yote.