Masjala ya Kampasi Iliyofutwa

Siku fundi seremala alipomwona kwa mara ya kwanza, mama wa masjala alikuwa amesimama juu ya kiti, kiatu mkononi, akimsomea panya mashtaka. Panya alikuwa ametafuna faili la mwanafunzi wa mwaka wa pili, akabakiza jina na alama za hesabu tu.

"Ungekula hizo alama ungemsaidia," alimwambia panya. Kisha akamgeukia fundi, aliyekuwa mlangoni na mbao begani, hajui aingie au arudi. "Na wewe unangoja kadi ya mwaliko?"

Fundi alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Darasa la saba alilimaliza akiwa ameketi nyuma kabisa, na hata ukubwani huko nyuma ndiko alikojisikia salama. Siku ile alimtengenezea rafu za mafaili, akakaa jirani yake miaka kumi na tisa, karakana yake ikiwa ng'ambo ya ukumbi mwembamba. Kila asubuhi mama alimtupia neno la utani akiwa kizingitini, naye alijibu "ndiyo, dada" akirudi kwenye randa yake.

Alimpendea kazi yake. Mara kwa mara mtu alikuja baada ya miaka ishirini kutafuta uthibitisho kwamba alisoma pale, kompyuta haina habari zake. Mama aliingia safu ya tatu au ya tisa, akatoka na faili, akalipuliza vumbi. "Mtu asiye na faili hakusoma," alisema. "Atakwambia alisoma, lakini kusema hata kasuku anasema."

Kisha ikaamuliwa kwamba vyuo vikuu vitatu vya umma vya mji ule viwe kimoja, chini ya baraza moja na mkuu mmoja. Kampasi yao, ndogo, ya katikati ya mji, ikafutwa. Wanafunzi wakahamia kampasi kubwa, walimu wakafuata, viti vikafuata. Mafaili yakabaki, maana huko hakukuwa na chumba cha kuyaweka. Na mama akabaki nayo.

Mwezi huohuo alikuwa ametimiza umri wa kustaafu. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, alikuwa amepofuka, akiishi peke yake katika mji ulio mbali, safari ya basi ya siku nzima. Alikuwa akimngoja. Kilichotakiwa ni karatasi moja tu: hati ya makabidhiano, isainiwe na atakayepokea masjala. Bila hiyo barua ya kustaafu haitoki, na akiondoka hivihivi ni mtoro aliyetelekeza mali ya umma. Mwenye kusaini alikuwa msajili wa kampasi. Cheo hicho kilikuwa kimefutwa pamoja na kampasi.

Akaenda makao makuu mapya. Ofisi ya kwanza ikamwambia kampasi yake haimo kwenye muundo, kwa hiyo hakuna cha kupokea. Ya pili ikamwambia yeye mwenyewe yumo, kwa hiyo arudi kazini. Ya tatu ikamwambia angoje baraza likae. Baraza likakaa kuchagua nembo.

"Wamebishana kutwa kama mwenge uwe na ndimi tatu au mmoja," alimsimulia fundi.

"Wakaamua?"

"Wameunda kamati."

Miezi saba ikapita hivyo. Umeme ukakatwa ghorofa za juu, mabomba yakakauka. Mama alifungua saa moja na nusu, akakaa, akafunga saa tisa na nusu. Kila Ijumaa dada yake alipiga kwa simu ya jirani, na fundi alisikia jibu lilelile: "Bado kidogo, dada."

Siku moja fundi, baada ya kuyakusanya maneno asubuhi nzima, alimwambia, "Dada, funga mlango. Mimi nitampelekea mkuu ufunguo mpaka mezani kwake. Wewe nenda."

"Na kesho akija mtu kutafuta faili lake?"

Fundi akageuka kuzitazama rafu.

"Umeona? Mimi nimejaribu kulijibu hilo miezi saba."

Fundi mwenyewe alikuwa na heri yake. Barua ya uhamisho ilishamfikia: Jumatatu aripoti kampasi kubwa, kwenye karakana mpya yenye madirisha na mashine ya randa ya umeme. Alikuwa amekwenda kuitazama mara mbili, akaishika kama mtu anavyomshika ng'ombe anayetaka kumnunua.

Alhamisi ukaja waraka wa baraza. Kwa kampasi zilizofutwa, mtumishi yeyote wa kudumu aliyebaki anaweza kupokea ofisi. Naye hatahamishwa mpaka baraza liamue matumizi ya jengo. Watumishi wa kudumu waliobaki walikuwa wawili.

Mama akavuka kizingiti cha karakana, akaketi kwenye benchi la kukatia mbao. Hakutania. Alimsomea waraka polepole, mpaka hapo pa uhamisho, hakuruka neno.

"Nimekusomea wote," alisema. "Usije ukasema nilikuficha."

Fundi aliutazama ubao uliokuwa mbele yake. "Dada yako anapikiwa na nani?"

"Jirani, akipata nafasi. Juzi kaungua mkono akipapasa jiko."

Fundi akajifuta kiganja kwenye suruali, akasaini hati ya makabidhiano mahali patatu, herufi moja moja. Mama akapiga muhuri.

Ijumaa fundi alimbebea begi mpaka getini. Mama akamkabidhi funguo, akamwonyesha upi ni wa wapi, kisha hakuuachia mkono wake.

"Nilijua huwezi kukataa, fundi," alisema. "Ndiyo maana nililia kabla sijaja kwako. Unisamehe."