Mlima Niliowajengea Wageni

Niliporudi Same sikuwa na kazi tena, na mama alikuwa amekufa. Ofisi ya umma niliyoitumikia Dar es Salaam, kwenye kitengo cha kompyuta, ilibinafsishwa, watu wakapunguzwa, nami nikawa mmoja wao. Kabla sijajua nianzie wapi, mama akafa. Tulimzika kwao Usangi, juu milimani. Watu walilia, mimi nikashughulika na sahani. Shangazi mmoja aliniambia kwamba kilio kingenijia baadaye. Hakikuja. Nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anagusa shavu lake na hasikii kitu.

Baada ya matanga nilishuka Same kukaa na baba. Baba ni mtu wa Njombe. Kazi ya mkonge ilimleta tambarare akiwa kijana, akafanya kazi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, mpaka shamba lilipouzwa na mashine ikasimama. Wafanyakazi walibaki kwenye nyumba zao, wengine wa Kigoma, wengine wa Songea, wakimsubiri tajiri mpya. Kila asubuhi baba alivaa ovaroli, akaenda kukaa na wenzake nje ya jengo la mashine. Jua likiwa kali walirudi.

Mimi nilikwenda mjini. Karibu na stendi palikuwa na chumba cha intaneti, kompyuta chache na laini ya simu, jenereta likiwa uani. Mwenye chumba, mzee mmoja wa Kighare, huko huko Usangi, alinipa mashine moja niitumie asubuhi. Malipo yangu yalikuwa kumtengenezea zilizoharibika.

Kazi niliyoifanya pale ilikuwa ngumu kuieleza. Tangu Dar nilikuwa nikiingia kwenye ulimwengu wa mchezo uliokaa ndani ya kompyuta moja kubwa huko ng'ambo. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu: unaandika kwamba unakwenda kaskazini, nawe unaandikiwa umefika wapi, nani amesimama hapo na anasema nini. Mamia ya watu wa nchi mbalimbali walikuwa humo kwa wakati mmoja, wakionana kwa maandishi. Niliwahi kuandika maelezo ya sehemu chache, yakapendwa, na msimamizi, mwanamke ambaye sauti yake sikuwahi kuisikia, akanifanya mjenzi wa kulipwa.

Tatizo alilonipa lilikuwa msongamano. Watu wote walipenda kusimama kwenye soko moja. Kila neno lililosemwa pale, kompyuta ililazimika kulipeleka kwa kila aliyekuwepo, na watu wakizidi mashine ilisuasua. Uliaga, ukamaliza chai yako, ndipo wenzako wakaona umeaga. Akaniomba nijenge nchi mpya ya kuwatawanya.

Nikajenga mlima. Niliuandika kama Usangi: migomba, ukungu, njia nyekundu zinazoteleza, moshi unaotoka kwenye mapaa asubuhi. Watu walikuja, wakatembea, wakausifu, wakarudi sokoni. Niliwatazama. Mmoja alikuwa kijitoni, mwingine msituni, mwingine juu kileleni, kila mtu peke yake. Nafasi nilikuwa nimewapa. Sababu ya kukutana sikuwapa.

Basi nikawachimbia ndiva. Kwetu ndiva ni bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mlango wa ndiva yangu haukufunguka mpaka wawepo watu kadhaa wa kuinua gogo pamoja. Mfereji ulijaa majani, usiposafishwa maji hayafiki. Wa mashamba ya juu wakijisahau, wa chini wanakauka.

Wakaja, na safari hii wakakaa. Wakaanza kugombana. Mtu wa chini alimshtaki wa juu kwamba ameiba zamu yake. Waliniandikia niweke askari; sikuweka. Wakachagua wenyewe wazee wa maji. Soko likapumua. Msimamizi alinipongeza kwa barua pepe ndefu, nami niliisoma kama ninavyosoma bei ya nyanya.

Mmoja wao namkumbuka zaidi ya wengine. Aliniambia kwamba huko kwao ni mgonjwa, hatoki kitandani. Kwenye mlima wangu ndiye aliyesafisha mfereji. Kila nilipoingia nilimkuta mle na jembe, amelowa mpaka magotini.

Siku moja baba alinifuata mjini, akakaa kwenye kiti pembeni yangu. Alitazama mistari ikipanda kwenye kioo, nikamweleza habari za maji na mashamba.

"Hao watu wako wapi?" akauliza.

"Wako makwao, baba."

"Na shamba?"

"Liko ndani ya mashine."

"Wanalipwa?"

"Wao ndio wanaolipa."

Hakucheka. Alisema angalau mashine yao inazunguka.

Kisha ikaja amri. Kampuni yenye mchezo ule ilikuwa inatengeneza ulimwengu mpya wenye picha na ilitaka nafasi kwenye kompyuta. Mlima ungefutwa kwanza, kwa kuwa mambo ya maji yaliilemea mashine. Niufute mwenyewe, tena kimya kimya, wachezaji wasije wakalalamika na kuhama. Nilisoma nikaona ni sawa. Kila kitu siku zile nilikiona ni sawa.

Nilimweleza baba tukila makande. Alisimamisha kijiko.

"Sisi tulikuta kufuli mlangoni," alisema. "Sufuria yangu ya chai imo mle mpaka leo. Waambie."

Nikawaambia. Nilitegemea matusi, na machache yalikuja. Siku yenyewe walifika wengi kuliko siku zote, mashine ikasuasua kama ilivyokuwa zamani kule sokoni. Wa juu na wa chini waliinua gogo pamoja, wakapitisha maji mpaka shamba la mwisho. Yule mgonjwa, aliyekuwa akiyafuata maji na jembe lake, aliniomba nisubiri kidogo.

"Bado sijafika chini," akaandika. "Nikifika nitakwambia."

Nikasubiri. Alipofika aliniambia. Wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga, mpaka akabaki yeye, naye akaaga. Nikaandika amri ya kufuta. Kompyuta iliuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Nikalipia soda dukani kwa jirani, nikainywa nimesimama.

Msimamizi aliniandikia kwamba nimevunja agizo na hawatanihitaji tena. Hata wangenibakiza, ulimwengu wa picha usingepita kwenye laini ya simu ya Same.

Baba aliniuliza jambo moja tu, kama waliondoka vizuri. Nikamwambia walimaliza zamu kwanza. Aliendelea kula. Siku chache baadaye, asubuhi, hakwenda kwa wenzake.

"Nipeleke kwa mama yako," alisema.

Nilidhani anataka kuona kaburi. Alitaka kuhamia. Si jambo jepesi mwanamume kwenda kukaa ukweni, na mke mwenyewe hayupo, lakini mjomba alisema nyumba ya mama imekaa bure. Tukafunga kitanda na masanduku, tukapanda.

Kaburi lilikuwa limeota majani. Tuliyang'oa, baba upande mmoja, mimi upande mwingine. Sikulia, ila mikono iliniwasha siku nzima.

Jioni ukungu ulishuka. Baba alisimama mlangoni amejikunyata, mtu aliyeishi kwenye joto la mkonge tangu ujana.

"Baridi hii ni ya kwetu Njombe kabisa," alisema.

Asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamuaga nishuke mjini. Mzee wa chumba cha intaneti alikuwa akitafuta mtu wa kufundisha vijana kuchapa, na nilikuwa nimekubali. Nikamwambia baba nitapanda tena Jumapili. Akasema nimletee sweta, na mbegu ya viazi kama mjini inapatikana.