Miezi Aliyonihesabia Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa ananihesabia miezi bila mimi kujua. Pale kijijini Ngana tulitumia bafu moja, akaona vitambaa vyangu vya hedhi havianikwi tena. Hakuniuliza. Siku moja tu, tukipalilia mpunga, alinipokea jembe mkononi akaniambia nikakae kivulini.

Jirani mmoja akamtania, "Mkweo siku hizi ndiye msimamizi?"

"Mwacheni," akajibu. "Hayuko peke yake."

Nilijua niko peke yangu. Nilikuwa nimeshapima mkojo mara tatu, kila mara mstari mmoja. Daktari wa mjini Kyela alishaniambia kwamba homoni hazijakaa sawa, mayai hayapevuki, ndiyo maana sioni siku zangu. Alinipa vidonge, damu ikaja mara moja, ikakatika tena. Mume wangu alijua. Mama yake hatukumwambia.

Ningeweza kusema palepale shambani. Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilipenda kukaa. Huo ulikuwa mwaka wangu wa nne katika ndoa, na hakuna aliyewahi kunichagulia samaki mkubwa wala kunikataza kubeba ndoo ya kakao. Nilikula samaki alionichagulia mama mkwe mwezi mzima.

Kilichonishinda ni baba mkwe. Kwetu mke wa mtoto hakutani naye uso kwa uso. Mimi ndiye niliyepaswa kutoka njiani ili yeye apite. Asubuhi moja, mvua ikiwa imetoka kunyesha, nilimwona mzee huyo amewahi kushuka kwenye tope, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, amenipa mgongo. Alikuwa ananisubiri nipite pakavu.

Nikapita. Nikaenda moja kwa moja jikoni, ambako mama mkwe alikuwa anamenya ndizi.

"Mama, hakuna mtoto. Siku zangu haziji tu."

Nilisubiri matusi, hayakuja. Alimenya ndizi iliyokuwa mkononi, akamenya nyingine, kisha akauliza taratibu, "Sasa hiyo damu inakwenda wapi, mwanangu?"

Daktari alinieleza mengi, lakini hilo sikuwa nimemuuliza.

"Sijui, mama."

"Na mzee nitamwambiaje?"

Nilichukua kisu nimsaidie, lakini ndizi zilikuwa zimekwisha.