Chumba cha Kuni

Waulize watu mkate unatokana na nini, watakujibu unga. Mimi Dalmas nilikanda unga miaka kumi na mmoja katika tanuri la Bwana Shantilal, karibu na River Road, na nasema bila haya: mkate unatokana na yule anayenunua. Sisi waokaji tuna mikono tu. Mnunuzi ndiye anayeijua wiki ijayo kabla haijafika.

Mnunuzi wetu aliitwa Zadock Sifuna, mtu wa Kimilili, mrefu, mkimya kupita kiasi. Unga, sukari, hamira na kuni, vyote vilipita mikononi mwake. Kuni alizinunua kwa masikio. Alichukua vipande viwili akavigonganisha. Kavu hulia kwa ukali, mbichi hutoa sauti nzito kama mtu anayepiga gunia. Hata zikilia vizuri, alizilaza miezi mitatu katika chumba cha nyuma kabla ya kuniruhusu kuzigusa. Tulimwita daktari wa kuni, tukacheka. Yeye hakucheka nasi.

Alikuwa mpweke yule bwana. Wengi wetu tulikuwa mbali na wake zetu, lakini tulikuwa na vilabu vyetu na kelele zetu. Zadock alilala Kariokor katika mabweni ya wanaume, kitanda kimoja na sanduku chini yake. Mkewe, Nakhumicha, alibaki nyumbani na binti yao. Likizo ya mwisho mtoto alijificha nyuma ya ghala la mahindi akamuuliza mama yake huyo mgeni anaondoka lini. Zadock alinisimulia jambo hilo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo.

Januari ya 1951 Shantilal alimwita, nami nilikuwa papo hapo nikipaka mafuta mikebe ya mkate.

"Zadock, wewe nataka leta bibi? Chumba ya nyuma iko. Dirisha iko, bomba karibu. Lakini kuni nakaa ndani."

"Kuni zitaenda wapi, Bwana?"

"Ephantus, ile ya kuuza kuni Riruta, nasema yeye taleta kila siku. Leo naleta, leo nachoma. Kwa nini sisi nalaza kuni kama wageni? Lakini wewe ndio fundi ya kununua. Sema sawa tu, mimi natoa kuni, bibi naingia."

Jioni nilimkuta Zadock akikipima chumba kile kwa nyayo kutoka nje: kitanda hapa, jiko pale, mtoto chini ya dirisha. Jumapili akaandika nyumbani, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alikuwa bado hajagonga kuni za Ephantus. Jibu likaja kwa mkono wa mwalimu wa shule. Nakhumicha alikuwa ameshampa shemeji yake shamba alime, na mtoto alikuwa anauliza kila siku kama treni ina madirisha.

Jumamosi moja ya Februari tulikwenda Riruta kwa miguu. Ephantus, mcheshi na mkarimu, alitupa chai akaapa kwamba kila asubuhi punda wake atakuwa mlangoni petu. Zadock aliinywa yote, akashukuru, akaenda nyuma ya nyumba. Kuni zilikuwa zimerundikwa juu ya udongo mtupu, hazina hata kipande cha bati juu yake. Akagonganisha mbili. Zikalia kwa ukali.

"Si zimelia!" nikasema.

"Zimelia leo, jua likiwaka. Mwezi wa nne je?" Akamgeukia mwenyewe. "Ephantus, ndugu yangu, masika ikishika utaleta?"

Ephantus alikuna kichwa. "Mvua ni ya Mungu, Sifuna. Na hii barabara unaijua. Ikilowa, punda haipiti."

Njiani nilimkasirikia. Nilimwambia aseme sawa, alete mke wake, mambo ya mvua ayaachie mvua. Tulipofika Muthangari ndipo aliponigeukia.

"Tanuri likizimika wiki mbili, wateja watahamia kwa wengine," alisema. "Mtafukuzwa ninyi kwanza, halafu mimi. Nitakuwa nimemleta mke wangu aje kuangalia majivu."

Jumatatu alimwambia Shantilal kuni zikae. Nakhumicha akaandikiwa asubiri kidogo, mvua ipite.

Masika ile ilitupiga kweli. Barabara ya Riruta ikawa tope tupu, na kwa wiki tano punda wa Ephantus hakufika mjini. Matanuri ya jirani yakazimika moja baada ya jingine, wateja wao wakaja kupanga foleni kwetu. Sisi tulichoma kuni za chumba cha nyuma, safu kwa safu, mpaka ukuta wa mwisho ukaonekana, na lile dirisha likaanza kuingiza mwanga.

Mvua ilipokatika, chumba kilikuwa kitupu. Nilimwona Zadock akikifagia polepole, pembe kwa pembe, akipiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi kabla ya siku hiyo, na nilifurahi kama vile mke alikuwa wangu.

Ndipo Shantilal alipoingia na sahani ya peremende na koti jipya mkononi.

"Zadock! Chumba hii naokoa sisi wote! Kumbe biashara yangu nakaa hapa, mimi hapana jua. Sasa hapana toa kuni tena, maisha! Jaza mpaka juu. Hata dirisha, fundi takuja funga na mbao, kuni nyingi taingia."

"Asante, Bwana," Zadock alisema. Koti lilimkaa vizuri.

Mchana aliniomba nimwandikie barua, akisema mkono unamuuma. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nje, Ephantus alikuwa ameshafika, punda anakohoa, fundi anapigilia mbao dirishani.

"Andika mvua imekwisha," alisema hatimaye. "Andika shamba alichukue tena, alime mwenyewe." Akageukia mlango. "Na mtoto umwambie ndiyo, treni ina madirisha."

Akatoka kwenda kugonga kuni.