Pasi ya Mama Kwenye Turubai

Mshona magauni mmoja, ambaye majirani walimwita Bi Sindano, alikwenda soko la vitu vya kale kutafuta vifungo. Kwenye turubai la muuzaji mmoja akaiona pasi ya mkaa ya marehemu mama yake, mpini wake ukiwa umezungushiwa waya wa shaba na baba. Pasi hiyo alikuwa ameondoka nayo mdogo wake wa kiume, miaka mingi iliyopita, siku alipogombana na baba, na tangu hapo kimya.

"Hii umeipata wapi, kaka?"

"Kaniletea mzee mmoja, mama. Mcheshi huyo! Anacheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe."

Bi Sindano akakaa chini pale pale. Ndiye mdogo wake, ndivyo alivyocheka tangu utotoni.

"Anaishi wapi?"

"Hakusema. Ila akipata kitu cha kuuza hurudi."

Aliinunua ile pasi, lakini akaomba ibaki juu ya turubai, ili ndugu yake akirudi aikute na aulize mbona haijauzwa. Sasa kila Jumapili hubeba nguo zake za kupinda pindo na kuja kushona kando ya muuzaji. Mdogo wake hajatokea bado. Wateja wakiishika pasi, muuzaji huwaambia, "Iacheni, ina wenyewe."