Nilivyokwenda Houston Kumtoa Mdogo Wangu kwa Pengwini

Nilikwenda Houston Novemba ya 2018 kwa sababu mwanangu Neema aligoma. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa Mansfield, huku kwetu karibu na Dallas, tumeshaukodi, na shangazi zake wameshagombana vya kutosha juu ya rangi ya mapambo. Baba yake tulimzika mwaka uliotangulia, kwa hiyo wa kumshika mkono na kumwingiza ukumbini alikuwa mjomba wake wa pekee, mdogo wangu Elibariki. Elibariki akatuma ujumbe: pengwini wanaatamia, hawezi kuondoka, atahudhuria kwa video.

Neema aliusoma, akaweka simu mezani. "Mom, kama uncle haji, mimi siingii. Cancel everything." Mwanangu namjua, hatanii.

Alhamisi asubuhi, baada ya Elibariki kuacha kupokea simu zangu, nilipanda treni kutoka Irving hadi katikati ya Dallas, na hapo nikachukua basi. Barabara ya Houston imenyooka na haina cha kutazama zaidi ya ng'ombe, vituo vya mafuta, na mabango ya mawakili wanaoomba ugongwe na lori wakudaie fidia. Jirani yangu kitini alikuwa mama wa Kirundi anayefanya kazi hotelini. Aliniuliza ninakokwenda, nikamwambia namfuata mdogo wangu anayechunga ndege, pengwini.

"Wako Houston?"

"Hapana. Wako mwisho wa dunia, kwenye barafu. Yeye ndiye yuko Houston. Anawachunga kwa kompyuta."

"Ni kazi nzuri hiyo. Mimi nilichunga mbuzi, kila siku nakanyaga mavi."

Mchana tukafika. Houston ilikuwa na joto lake la kunata, ila nyumbani kwa Elibariki nilikaribishwa na baridi ya bucha. Mdogo wangu alikuwa amevaa koti nene lenye manyoya shingoni, sebuleni kwake.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Baridi inanisaidia ku-focus."

Alinipa chai, kisha akanieleza kazi yake, na kueleza anajua. Kamera zimefungwa kwenye nguzo huko Antaktika, zinapiga picha zenyewe, zinazituma kwa setilaiti, na programu inahesabu pengwini bila mtu kugusa kitu. Yeye hajawahi kufika huko. Hajawahi hata kunusa pengwini mmoja, na nasikia wananuka.

"Wewe sasa unafanya nini?"

"Nina-monitor."

Akanionesha picha za mwezi uliopita. "Huyu hapa ni baba. Amelala juu ya mayai siku nyingi, hajala chochote. Mama yuko baharini anatafuta chakula, akirudi wanapokezana. Imagine, dada, hasogei hata theluji ikimfunika." Machozi yakamlengalenga.

Hapo nilikasirika kwelikweli. Siku tunamzika mume wangu, Elibariki aliangalia mazishi kwenye simu, akiwa hapo hapo Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Akanitumia kapicha ka mikono miwili iliyoshikana. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, na machozi nayaona leo, ya ndege.

"Nioneshe wa leo," nikasema.

Akasitasita. Akabofya. Kioo kikawa cheupe chote.

"Hii nini?"

"Theluji. Imeziba lenzi."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya pili."

"Nani ataifuta?"

"Meli ikifika, January."

"Na programu yako inasema kuna pengwini wangapi?"

Akanong'ona, "Zero."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mtu amemkataa mtoto wa dada yake ili akae anatazama weupe! Elibariki hakucheka. Alivua lile koti, akakaa chini kwenye zulia.

"Dada, msibani sikuja. Nilisema niko busy, halafu siku zikapita, nikaogopa. Sasa nitasimama vipi ukumbini? Watu wote wataniangalia."

"Waache wakuangalie. Wewe umewaangalia ndege wa watu mwaka mzima, hawajalalamika."

Ijumaa tulirudi kwa gari lake. Simu yake ililia njia nzima kumwarifu kwamba kamera haioni kitu, hadi karibu na mji wa Corsicana nikaizima na kuitia kwenye mkoba wangu. Akaniuliza mume wangu alikufaje, siku zake za mwisho. Nikamsimulia yote, tukalia, na mara mbili ikabidi aegeshe gari.

Jumamosi alipata alichokiogopa. Shangazi wa Neema walimkagua kuanzia viatu hadi nywele, na mkubwa wao akamwambia, "Kumbe una miguu." Elibariki akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, dada," akapokea yaliyobaki, na yalibaki mengi.

Nilichojifunza safarini ni kidogo. Mashine zinaweza kuhesabu pengwini vizuri tu, mpaka theluji ianguke. Pengwini wenyewe hawana habari. Kule chini ya weupe yule baba ameendelea kulalia mayai yake, hajui kama kuna mtu Houston anamlilia.

Mlangoni mwa ukumbi Elibariki alimtolea Neema mkono. Neema hakuushika mara moja. Aliufinya kwanza, kwa nguvu, mpaka mjomba wake akasema "Aah!" Kisha wakaingia.