Mafuta ya Nazi Katika Ghala la Silaha

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha la Kwale, miaka ile ya hamsini, Sajini Fundi hakunipa bastola. Alinipa kitambaa. Alikuwa mtu wa Msambweni, mtengenezaji wa silaha za polisi, na maneno yake yalitoka polepole hata nikakaribia kusinzia.

"Kuna shabaha ya mtu na shabaha ya chuma," akaniambia. "Ibane bastola kwenye jiliwa, hicho chuma cha kubania kilicho mezani, mkono usiitikise, kisha piga. Hapo ndipo utakapoijua tabia yake."

Bastola zetu zilikuwa za ngoma, yaani gurudumu lenye matundu sita ya risasi. Ukivuta kifyatulio, ngoma huzunguka, kisha kijino cha chuma huikamata ili tundu lielekeane sawasawa na mtutu. Likienda upande kwa unene wa unywele tu, risasi huingia mtutuni ikijikwaruza, na haifiki unakotaka. Nilikuwa nikiizungusha na kuisikiliza, tik, tik, mpaka nikasahau chakula cha mchana. Niliipenda kazi ile, sina neno jingine.

Mara mafuta ya silaha yakaisha. Mimi ni mtu wa Diani; kwetu nazi hulainisha kila kitu, tangu nywele hadi bawaba za mlango. Nikazipaka bastola mafuta ya nazi. Nilisahau kwamba Kwale iko mlimani, na baridi ya Julai huyagandisha.

Asubuhi ya mtihani wa shabaha, Konstebo Hamisi wa Mkwiro, baba wa watoto wanne, akakosa zote sita. Inspekta hakumtazama mara mbili.

"Mkono mbovu huo. Kesho avue sare."

Sajini akaichukua ile bastola, akaibana kwenye jiliwa, akapiga. Risasi zikatawanyika vilevile. Akaifungua: kijino kilikuwa kimezama katika utando mweupe uliochanganyika na vumbi jekundu. Akanusa.

"Nani kapaka haya?"

Hakuna aliyeniona nikipaka. Ningalinyamaza, yangalipita. Niliogopa sana, wallahi.

"Ni mimi, Afande."

Nilinyang'anywa kazi ya ghala mwaka mzima, nikawa mfagia uwanja. Hamisi alibaki na sare yake. Alinijia nikiwa na fagio mkononi, akanishika bega.

"Ahsante, ndugu yangu. Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mkono wangu ndio mbovu."

Nimestaafu siku nyingi. Siku hizi mikono yangu inatetemeka, kikombe kinagonga kisahani, na wajukuu wanacheka. Mimi huitazama tu mikono hiyo, nikitamani atokee mtu aifungue, anuse, aseme kosa si la mkono.